Seselefe Imepatikana

Kwanza tuelewane kuhusu majani, maana kuna watu wanadhani kuku unamtupia nyasi tu, kama unavyotupa taka. Kadidja angekukuta unafanya hivyo angekunyang'anya. Kwake majani ya kuku yalikuwa kazi ya asubuhi, baada ya swala na kabla ya chai. Alikata ukoka mbichi, akachuma kishonanguo kikiwa kichanga, akaongeza lengalenga, ule mchicha wa porini, na kila gugu lililojiotea kwenye mihogo yake, kisha akakaa kwenye kigoda na kuyakatakata madogo madogo, kama mtu anayepika sombe, yaani kisamvu, ya wageni. Jani refu, alisema, linajisokota kwenye koo la kuku, linaziba, na kuku anakufa amekodoa macho. Yaliyobaki aliyafunga fungu, akalining'iniza kwa kamba kwenye mchikichi wa nyuma ya nyumba, juu kidogo ya vichwa vyao, na kuku wakaanza kulirukia. Alikuwa anaweza kukaa hapo nusu saa akiwatazama na kucheka peke yake, hata chai ikapoa.

Na faida yake mtu aliiona kwenye sahani. Yai la Kadidja ukilipasua, kiini kilikuwa chekundu kama mawese. Wambea wa mtaa wa Waswahili hapa Rumonge, kwetu Burundi, walisema anawanywesha kuku wake mawese kwa siri. Maneno hayo yalimkera kupita kiasi. Alikuwa akimshika mtu mkono, anampeleka uani kwa nguvu, anamwonyesha fungu linaloning'inia. "Majani," alisema. "Ni majani, basi." Watu waliitikia ndiyo, wakatoka, wakaendelea kusema ni mawese.

Mwaka ulikuwa 2001, na vita ilikuwa imeshazeeka. Wakubwa walikuwa wameshatia saini mkataba wa amani Arusha mwaka mmoja nyuma, wakapiga picha, wakala, wakarudi, na milimani juu ya Kizuka bunduki ziliendelea kulia kama vile hakuna aliyeziambia. Kilichokosekana, redio ilitueleza asubuhi, mchana na jioni, kilikuwa kitu kimoja: seselefe. Neno la Kifaransa hilo, maana yake bunduki zinyamaze. Seselefe inatafutwa. Seselefe iko karibu. Seselefe haijapatikana. Neno ukilisikia mara arobaini kwa siku linahamia mtaani, linapanga chumba, linaanza kuomba chumvi kwa majirani.

Kadidja alikuwa na ugomvi wake binafsi na neno hilo. Mume wake, Assumani, alikuwa fundi cherehani, mtu mpole, mkono mzuri, lakini mwoga wa kutupwa. Mwaka 1996, bunduki zilipolia karibu na mtaa siku tatu mfululizo, alibeba cherehani yake kichwani akapanda boti kwenda Kigoma. Wiki mbili tu, alisema. Alimbembeleza mkewe waende wote, na Kadidja akakataa. Akipanda boti anatapika kabla halijaondoka, na tena nani angewakatia kuku majani? Binti yao, Tahira, alikuwa ameshaolewa Bujumbura. Basi Kadidja akabaki na kuku, na wiki mbili zikawa miaka mitano.

Kila baada ya miezi kadhaa msafiri alishuka na salamu, na salamu zilikuwa zile zile: "Mwambie mama Tahira, seselefe ikipatikana tu, kesho yake niko ufukweni." Mara ya kwanza Kadidja alilia. Mara ya pili alimtukana msafiri, ambaye hakuwa na kosa. Mara ya tatu, asubuhi hiyo hiyo, katika mayai kumi na moja alikuwa ameanguliwa kifaranga mmoja tu. Alimchukua kifaranga kiganjani, akamtazama usoni, akasema, "Wewe jina lako Seselefe. Sasa iko ndani ya nyumba yangu. Tuone kama atakuja."

Alisema kwa hasira, lakini msidanganyike. Alimtamani mume wake. Alitamani ule wimbo usio na mwisho aliokuwa akiuvumisha puani huku anashona, alitamani hata nyuzi zake zilizokuwa zinaingia kwenye chakula. Alimtamani, na alijichukia kwa kumtamani mtu aliyekimbia na cherehani akamwacha mke.

Seselefe alikua akawa tetea mwekundu, kishingo, yaani shingo yote tupu bila unyoya hata mmoja, sura ya hakimu aliyeamshwa usingizini. Uzuri hakujaliwa. Alichojaliwa ni ulafi wa majani. Fungu lilipopandishwa kwenye mchikichi, yeye aliruka mara tatu kupita wenzake, na lilipokwisha alimfuata Kadidja mpaka jikoni kudai la pili.

Sasa, mwezi wa nne mwaka huo mvua ilikuwa nzuri na nyasi zikapanda hadi kifua cha mtu. Wanajeshi wa bariyeri, kile kizuizi cha barabarani pale mtaa unapoishia, wakatoa amri: nyasi zote kandokando ya barabara zikatwe, hatua hamsini kila upande, asipatikane wa kujificha humo. Jumamosi mtaa mzima ukatoka na mapanga, watu wamenuna, wanalaani chini chini. Kadidja peke yake alikuja na magunia matatu na uso wa sikukuu. Watu wanakata, yeye anazoa. Mpaka saa sita alikuwa anawaelekeza, kata pale, hapo pana ukoka mlaini, na Ismaili, mzee muuza kahawa, akamwuliza kama amepewa cheo jeshini.

Kuku walikula wiki mbili kama wako kwenye maulidi. Halafu majani yakakauka, na barabara ikabaki imenyolewa kama kichwa cha mtoto mwenye chawa. Kadidja aliwatupia nyasi kavu. Wenzake walidonoa kwa adabu. Seselefe alizikanyaga, akazigeuzia mgongo, akaondoka. Alhamisi asubuhi, Kadidja alipopiga ulimi kuwaita, walikuja tisa, na kishingo hakuwemo.

Hapo lazima niseme jambo kuhusu lugha yetu, maana ndilo lililoleta balaa. Mtu wa Kigoma akipoteza kuku anasema amepotea, akimwona anasema amepatikana. Sisi huku Rumonge hatuna muda huo. Kuku iko, mutoto iko, askari iko, vita iko, vyote vinakaa kwenye kapu moja. Mimi hapa naandika kwa adabu ya vitabu, lakini Kadidja hakuwa anaandika. Alijifunga kitenge, akaingia barabarani kuuliza kila aliyepita: "Hamujaiona Seselefe?"

Ismaili alimpa kahawa, akamwambia kwa huruma kwamba hata waliokwenda Arusha hawajaiona. Mwanamke mmoja wa samaki akasema Kadidja akiiona naye awaambie, watoto wake wamechoka kulala na viatu. Kadidja akapandwa na hasira, akajibu kwamba ya kwake yeye ina shingo tupu na inapenda majani. Walimtazama akienda. Yule mwanamke akanong'ona kwamba ndiyo hivyo, miaka mitano bila mume, kichwa nacho kinachoka.

Alifika mpaka bariyeri. Mkuu wa pale alikuwa kaporali mmoja kijana, Hubert, mtu wa milimani, Kiswahili chake cha kuokoteza. Akamwuliza mama anatafuta nini huku.

"Natafuta Seselefe," Kadidja akasema.

Hubert akashusha bunduki na kuiegemeza kwenye magunia ya mchanga. "Na sisi, mama," akasema. "Na sisi ndiyo tunaitafuta."

Kungekuwa na kilio hapo, lakini nyuma ya magunia kuku akatetea. Kadidja alipita bila kuomba ruhusa. Na kweli, nani angethubutu kuwaamuru wanajeshi wakate nyasi zao wenyewe? Nyuma ya magunia palikuwa ndipo mahali pekee pa kijani palipobaki barabara nzima, bustani ya Hubert, matuta manne ya lengalenga na magugu ya kutosha kulisha zizi, na katikati yake Seselefe, kidari kimejaa hadi kimepinda upande. Hubert akakiri. Kuku huyu alikuwa anakuja siku ya tatu sasa, anapalilia katikati ya mistari kuliko vijana wake wote, na yeye alikuwa ametoa amri asiliwe. Aliomba abakizwe kidogo. Alisema hivyo akitazama viatu vyake.

Kadidja alikuwa ameshaona kosa kubwa zaidi. "Unamupa majani marefu hivi?" Akaketi juu ya sanduku la risasi, akaomba kisu. Hawakuwa na kisu, wakampa kile kinachofungwa mbele ya bunduki, na kwa hicho akawafundisha kaporali na vijana wake watatu kukata ukoka kama sombe. Wakakata. Alipoinuka, Hubert alimshika kuku kwa mikono miwili na kumkabidhi, na Kadidja akamfunga ndani ya kitenge, mgongoni, kama mtoto.

Ng'ambo ya barabara, karibu na soko, jirani yake Généreuse, mama wa Samy, Mkristo wa kutoka upande wa Uvira, alikuwa anaanika ndagala, dagaa wa ziwani. Kadidja alijawa na furaha asiweze kusubiri kumfikia. Akapaza sauti, na Mungu alimpa sauti. "Mama Samy! Imepatikana! Seselefe imepatikana! Askari wenyewe ndiyo wameitoa, kwa mikono yao!"

Sikiliza kilichotokea. Soko lilinyamaza kwanza. Halafu kigelegele kimoja, halafu vyote. Watu wasiosalimiana walikumbatiana. Ismaili alimwaga kahawa bure, jambo ambalo halijatokea kabla wala baada. Wavuvi waliokatazwa ziwani usiku walikimbilia nyavu zao. Généreuse akapiga magoti katikati ya ndagala akamshukuru Yesu, na Kadidja, akiwa barabarani, akafikiri kwamba kweli majirani zake wanampenda kuku huyu kuliko alivyojua. Alitokwa na machozi. Alipungia watu mkono.

Alipofungua kitenge uani kwake, na shingo tupu ikachomoza, Généreuse aliyekuja kucheza aliketi chini palepale. Alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli kidogo, kisha akatoka kwenda kusahihisha habari. Soko lilikasirika. Ismaili alidai kahawa yake irudishwe na hakuna aliyejua itarudishwaje. Ila boti la kusini, lililochelewa siku hiyo, lilikuwa limeshaondoka saa sita.

Na habari ikipanda boti inanenepa. Nyanza-Lac ilishuka ikisema seselefe imepatikana Rumonge. Kabonga, kwenye mpaka, wakaongeza kwamba mwanajeshi alionekana ameishika mikononi. Ilipofika Kigoma ilikuwa mama mmoja Mwislamu ameipokea kutoka jeshini, akaibeba mgongoni, na watu wamemwona akilia. Na mniambie ukweli, neno gani hapo ni la uongo?

Jumatatu mchana Assumani alishuka ufukweni. Alikuwa amenenepa, ana mvi, cherehani kichwani, begi mkononi. Kadidja alikuwa uani anakata majani. Alimwona mlangoni, kisu kikamtoka.

"Nimefika, mke wangu," Assumani akasema kwa Kiswahili chake kipya cha Kigoma. "Si nilisema? Imepatikana, na kesho yake nikatafuta boti."

Angemwambia palepale. Alifungua mdomo amwambie. Lakini mtu huyu alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake, ameshavua viatu, na ule wimbo wa puani ulikuwa umeshaanza, na mdomo wa Kadidja ukajifunga wenyewe. Alimpikia. Alimpasulia mayai mawili, na Assumani akatazama viini vile vyekundu akasema Kigoma mayai yao ni meupe kama wagonjwa. Kisha mama huyu akatoka kwa mlango wa nyuma, akampeleka Seselefe kwa Généreuse chini ya kikapu, na akapita nyumba hadi nyumba akiomba watu wanyamaze. Walinyamaza. Siyo kwa wema tu. Wote walikuwa wamepiga vigelegele, na nani anataka kukumbushwa.

Siku mbili mtaa mzima ulidanganya kwa umoja ambao Arusha haijawahi kuuona. Jumanne, juu ya Kizuka, kikasikika kishindo. Assumani akaruka. Ni radi, Kadidja akamwambia. Assumani akatazama mbingu, hakuna wingu hata moja. Radi ya mbali, akaongeza. Jioni ikalia mfululizo, ta-ta-ta, na Ismaili aliyekuwa amekuja kusalimia akasema hiyo ni harusi. Harusi ya nani? Ya watu wa milimani, Ismaili akasema, siku hizi wanaoana sana.

Jumatano Kadidja alikuwa ndani anamkunjia mumewe nguo zake za zamani. Assumani alikuwa amefungua cherehani yake barazani, anaitia mafuta. Kwa Généreuse hapakuwa na ukoka, na Seselefe hakuwa mtu wa kuvumilia hayo. Alipenya chini ya kikapu, akaruka uzio, akavuka uani, akapanda juu ya cherehani na kumtazama Assumani kwa lile jicho lake la hakimu. Na kutoka ng'ambo ya uzio, Généreuse, aliyeshtuka akasahau yote, akaita: "Mama Tahira! Seselefe yako imenitoroka, iko huko?"

Wimbo wa puani ukakatika. Kadidja alitoka barazani, na mumewe alikuwa anamtazama kuku, kisha yeye, kisha kuku.

Akamweleza. Hakuacha kitu, wala bustani ya Hubert, wala kitenge, wala harusi za milimani. Assumani alimsikiliza akiwa mweupe kama mayai ya Kigoma. Na unajua alikasirikia nini, mtu yule aliyevuka ziwa na kurudi vitani kwa ajili ya kuku? Alikasirikia sarufi.

"Kuku ni kiumbe, Kadidja," akasema. "Kuku hasemwi imepatikana. Kuku amepatikana. Mngesema amepatikana, mimi ningejua ni kuku. Ningekaa Kigoma."

"Ungekaa Kigoma," Kadidja akasema.

Assumani akachukua chupa ya mafuta ya cherehani, akaifunga.

"Uliniambia utarudi seselefe ikipatikana," Kadidja akasema tena, na sasa alikuwa analia bila kujificha. "Mimi sikuwa na ingine. Nilikuwa na hii tu. Nimeikatia majani kila siku, nimeitunza, na wewe umekuja. Mimi sijutii. Kama unarudi Kigoma, rudi, lakini mimi sijutii."

Usiku huo walilala bila kusemezana. Asubuhi Kadidja aliporudi kutoka bombani, Assumani hakuwepo, na begi halikuwepo. Cherehani ilikuwepo, na hiyo ilimuuma zaidi, maana mtu anayeacha cherehani ni mtu anayekimbia kweli. Boti la kusini huondoka saa tatu. Hakwenda ufukweni. Alikaa kwenye kigoda, akachukua kisu, na kwa kuwa hakuwa na majani mabichi akakatakata yale makavu, huku kuku wote kumi wakimzunguka na kumsikitikia kwa njaa. Saa tatu alisikia mtambo wa boti, ukaunguruma, ukafifia. Généreuse aliusikia pia, upande wake wa uzio, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema neno.

Saa nne lango likafunguliwa. Assumani aliingia akitembea kama jeneza lililosimama. Alikuwa amevaa suruali mbili, mashati matatu na koti juu yake, jasho linamtiririka hadi kwenye ndevu. Begi lilikuwa limetuna begani. Akaliinamisha, akalifungua zipu, na yakamwagika uani majani ya kijani, ukoka mbichi wa ufukweni, bado una maji ya ziwa.

"Pale boti linapofunga," alisema akihema, "pamejaa. Hakuna aliyekata pale. Nguo nikaona nizivae tu."

Assumani akaokota jani moja refu, akainama amlishe Seselefe apatane naye, na hapo mkewe akampiga kofi la mkono, akamnyang'anya lile jani, akamsogezea kisu na kigoda cha pili. Yakatwe madogo, akamwambia, na avue angalau koti. Assumani akaketi. Akakata. Baada ya muda puani mwake mkaanza kuvuma.

Ng'ambo ya uzio Généreuse hakuweza tena. "Mama Tahira," akaita polepole, "imepatikana?"

Kadidja alimtazama mumewe aliyeinamia majani na mashati yake matatu. Akajibu kwa Kiswahili safi cha Kigoma, kila herufi mahali pake.

"Amepatikana."